Michezo mikongwe ya kompyuta yafufuliwa, mirathi yake yabaki kitendawili

Mnamo 2012, Mmarekani Stephen Kick alikuwa katika nyumba ya wageni nchini Guatemala alipopata hamu ya kucheza System Shock 2, mchezo wa kompyuta alioupenda tangu ujanani. Nakala alikuwa nayo, lakini kompyuta yake ndogo ya safarini ilikataa kuuendesha. Alipogeukia maduka ya mtandaoni ili anunue nakala nyingine, aligundua jambo lililomshangaza zaidi: mchezo huo haukuwa ukiuzwa popote duniani.

System Shock 2 haukuwa mchezo wa kubahatisha. Ulipotoka mwaka wa 1999 ulisifiwa mno na wahakiki. Unamhusu askari anayezinduka ndani ya chombo cha angani na kukuta mabaharia wenzake wamegeuzwa viumbe wa kutisha, na mbinu zake za kusimulia zimeigwa na watunzi wengi waliofuata. Hata hivyo, Looking Glass Studios, iliyoutengeneza kwa ushirikiano na Irrational Games, ilifunga milango Mei 2000 baada ya kulemewa kifedha.

Kampuni ikifa, mali yake haifi. Meza na viti hupigwa mnada, na hakimiliki nazo hugawanywa pamoja na mali nyingine. Kick alipoanza kuulizia mrithi wa mchezo huo, njia haikumfikisha kwa mtengenezaji yeyote wa michezo. Ilimfikisha kwa kampuni ya bima ya Meadowbrook, katika jimbo la Michigan, ambayo kupitia tawi lake la Star Insurance ilikuwa imebaki na hakimiliki ya kazi hiyo.

Kampuni ya bima haina haja na askari wa angani, na haki hiyo ilikuwa imekaa miaka kadhaa bila kuzalisha chochote. Kick aliwaandikia wakili na wakuu wa kampuni hiyo akipendekeza mchezo uuzwe upya jinsi ulivyo, nao wakakubali. Aliunda kampuni aliyoiita Night Dive Studios, na Februari 2013 System Shock 2 ukarudi sokoni kupitia duka la mtandaoni la GOG. Ulikuwa umeadimika kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Mashabiki wana jina lao kwa michezo ya aina hii: huiita "iliyotelekezwa". Ni ile ambayo mwenyewe ameacha kuiuza na kuihudumia, ama kwa sababu amefilisika, ama ameungana na mwingine, au haoni faida ndani yake. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakiisambaza bure mtandaoni kwa hoja kwamba hakuna anayeumia.

Sheria haiitambui hoja hiyo. Hakimiliki haipotei kwa sababu mwenyewe ameisahau. Nchini Marekani, kazi iliyotungwa na waajiriwa wa kampuni hulindwa miaka 95 tangu ilipochapishwa, kwa hivyo mchezo wa 1999 hautakuwa mali ya umma hadi mwisho wa 2094. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaziweka programu za kompyuta katika fungu moja na riwaya na mashairi, yaani kazi za maandishi, na kuzilinda kwa maisha yote ya mtunzi pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake. Kipindi hicho kilikadiriwa kwa kuzingatia kitabu, ambacho kikikaa rafuni kwa karne nzima bado kitasomeka. Disketi haina subira hiyo.

Ukubwa wa hasara hii ulipimwa mwaka wa 2023, wakati taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani, ikishirikiana na muungano wa Software Preservation Network, ilipochapisha utafiti kuhusu michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya 2010. Ilibainika kuwa asilimia 87 ya michezo hiyo haikuwa ikipatikana tena madukani kwa njia yoyote halali. Anayetaka kuicheza ana njia tatu: kutafuta nakala kuukuu pamoja na mtambo wake, kusafiri hadi kwenye maktaba iliyoihifadhi, au kuvunja sheria.

Wengi hudhani kwamba kikwazo kikuu ni ufundi. Kweli, mchezo ulioandikwa kwa kompyuta za 1990 hauwezi kufunguka wenyewe katika kompyuta ya leo, kama vile kanda ya kaseti isivyoweza kusikika katika simu. Lakini tatizo hilo lilishapata waganga, na wengi wao ni watu wanaofanya kazi bila malipo wakati wa mapumziko yao. Mwaka wa 2001 kulianzishwa ScummVM, programu inayowezesha michezo ya zamani ya visa na mafumbo kuchezwa katika mitambo mipya. Mwaka wa 2002 ikatoka DOSBox, ambayo huigiza kompyuta nzima ya zama za kale ndani ya kompyuta ya kisasa, kiasi kwamba mchezo haujui kuwa umehamishwa.

System Shock 2 nao ulipata mganga wake, na hadi leo umma haumjui jina. Mnamo Septemba 2012, mtu aliyejiita Le Corbeau, yaani Kunguru kwa Kifaransa, aliweka mtandaoni marekebisho ya programu yaliyouwezesha mchezo huo kwenda bila matata katika kompyuta za siku hizi. Hakudai malipo. Toleo lililouzwa miezi mitano baadaye lilitegemea kazi yake.

Kinachobaki ni makaratasi, na hapo ndipo pesa na miaka huishia.

Duka la GOG lililouza mchezo huo lina historia inayoeleza mengi. Chimbuko lake ni CD Projekt, kampuni iliyoanzishwa jijini Warsaw, Poland, mwaka wa 1994 na marafiki wawili waliosoma pamoja, Marcin Iwiński na Michał Kiciński. Poland ya wakati huo ilikuwa imejaa nakala bandia. Michezo ya kunakiliwa iliuzwa hadharani katika masoko ya wazi kwa bei ambayo mfanyabiashara halali hangeweza kuifikia. Vijana hao waliamua kutoshindana kwa bei. Mwaka wa 1999 waliutoa mchezo wa Baldur's Gate ukiwa umetafsiriwa kwa Kipolandi, sauti zikiwa za waigizaji mashuhuri nchini humo, ndani ya kasha lililokuwa na vitu ambavyo mwizi hawezi kuvinakili kwa urahisi. Wateja walilipa.

Fikira hiyo ndiyo iliyozaa GOG mwaka wa 2008. Jina lake la awali, Good Old Games, lilitangaza bidhaa yenyewe: michezo mizuri ya zamani, iliyorekebishwa ili ifanye kazi, kwa bei ya dola 5.99 au 9.99, bila kufuli za kielektroniki zinazomfuatafuata mnunuzi. Wenye duka walijua kwamba mshindani wao halisi ni nakala ya bure, na kwamba wangemshinda kwa kumwondolea mteja usumbufu. Mwishoni mwa 2025 CD Projekt ilimuuzia duka hilo Kiciński, mmoja wa wale wawili walioianzisha.

Kabla ya mchezo mmoja kuwekwa kwenye rafu za duka kama hilo, sharti pawepo mtu wa kutia sahihi. Mtu huyo haonekani kila mara. Mchezo mmoja waweza kuwa na hakimiliki ya programu kwa huyu, haki za jina kwa yule, na muziki ulioazimwa kwa mkataba wa muda kwa mwingine wa tatu. Wote wakikubali isipokuwa mmoja, biashara haiendi.

Mfano unaowauma mashabiki zaidi ni No One Lives Forever. Mchezo huu wa 2000, kazi ya Monolith Productions, unamhusu jasusi wa kike Cate Archer katika miaka ya 1960, na ucheshi wake bado unakumbukwa. Ulichapishwa na Fox Interactive. Mwaka wa 2003 Fox Interactive ilinunuliwa na Vivendi, na 2008 kitengo cha michezo cha Vivendi kikaungana na Activision. Monolith yenyewe ikanunuliwa na Warner Bros. mwaka wa 2004. Nani basi alirithi Cate Archer?

Night Dive, ikitiwa moyo na ushindi wake wa kwanza, ilijaribu kujibu swali hilo. Mnamo 2014 iliomba kusajili jina la mchezo huo kama alama ya biashara nchini Marekani, nayo Warner Bros. ikapinga. Activision ilipoulizwa, haikuwa na hakika kama ilikuwa na haki zozote: mikataba, kama ipo, ilikuwa ya karatasi, pengine katika sanduku lililowekwa ghalani, na hakuna aliyekuwa tayari kwenda kulifungua. Mazungumzo yakafa. Ni ajabu ya sheria kwamba asiyejua kama anamiliki kitu anaweza kuwazuia wengine wote wasikiguse, kwa sababu hakuna mfanyabiashara atakayeuza bidhaa ambayo kesho yaweza kudaiwa mahakamani.

Tangu hapo fundo limezidi kukaza. Kampuni mama ya Fox imeuza sehemu kubwa ya mali yake kwa Disney (2019), Activision ikachukuliwa na Microsoft (2023), na Februari 2025 Warner Bros. ikaifunga Monolith.

Isitoshe, mchezo uliofufuliwa waweza kuzimika tena. Fallout na Fallout 2, ambayo ilikuwa miongoni mwa michezo iliyoipa GOG sifa, iliondolewa dukani humo mwishoni mwa 2013 haki za kuiuza zilipohamia kwa kampuni ya Bethesda, ikarejea 2015. Mchezo wa Alan Wake uliondolewa madukani Mei 2017 kwa sababu moja tu: mkataba wa nyimbo zinazosikika ndani yake ulikuwa umekwisha. Ulirudi Oktoba 2018 baada ya mkataba huo kufanywa upya. Waliokuwa wamekwisha kununua walibaki na nakala zao, waliochelewa walisubiri.

Wapo wenye mali waliochagua njia fupi zaidi, yaani ukarimu. Mwaka wa 2003, kampuni ya Revolution Software ya Uingereza iliruhusu mchezo wake wa 1994, Beneath a Steel Sky, utolewe bure kwa yeyote autakaye, na ikawakabidhi mafundi wa ScummVM maandishi asilia ya programu ili wauwezeshe kuchezwa. Mchezo huo umeendelea kupata wachezaji wapya ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Kampuni ya id Software nayo ilitoa maandishi ya programu ya Doom mnamo Desemba 1997, ingawa picha, sauti na ramani za mchezo zilibaki mali ya kuuzwa. Tofauti hiyo ni muhimu, na mara nyingi husahauliwa: kutoa injini ya gari si kutoa gari.

Maktaba na majumba ya makumbusho yangependa kusaidia, lakini mikono yao imefungwa nusu. Sheria ya Marekani inaziruhusu kuvunja kufuli za kielektroniki ili kuhifadhi michezo iliyoachwa, ila mtafiti lazima aende kuichezea ndani ya jengo la maktaba. Wahifadhi waliomba kibali cha kumwezesha mtafiti kuifikia akiwa mbali, kama inavyoruhusiwa kwa aina nyingine za programu. Oktoba 2024 ombi hilo lilikataliwa na Afisi ya Hakimiliki ya Marekani. Wawakilishi wa kampuni za michezo walikuwa wamedai kwamba watu wangetumia mlango huo kujiburudisha, na kwamba soko la matoleo mapya ya michezo ya zamani lingeharibika. Hofu ya pili ina uzito, kwani soko hilo lipo na linakua. Lakini haielezi ni hasara gani inayopatikana kwa mchezo ambao hakuna anayekusudia kuuuza.

Mwezi mmoja baada ya uamuzi huo, GOG ilianzisha mpango wa uhifadhi ulioanza na michezo 100, ikiahidi kuendelea kuirekebisha kila kompyuta zinapobadilika. Ni ahadi njema, japo inahusu tu ile ambayo mwenyewe alipatikana.

Suala hili halihusu Marekani na Ulaya pekee. Kenya ina watunzi wake, tangu Wesley Kirinya alipotoa The Adventures of Nyangi mwaka wa 2007, na kila kazi kama hiyo itahitaji siku moja kujulikana ni nani mwenye sahihi. Mtunzi anayefanya kazi na wenzake watatu bila mkataba wa maandishi anaiachia familia yake kesi ileile iliyomshinda Kick, na pasipo kampuni ya bima ya kumwandikia barua.

System Shock 2 haukuishia kwenye toleo la 2013. Nightdive, kama inavyoandikwa sasa, ilinunuliwa na Atari mwaka wa 2023, na Juni 2025 ilitoa toleo lililosanifiwa upya la mchezo huo, linalochezwa hata katika mitambo ya sebuleni ambayo haikuwako Looking Glass ilipofunga milango. Stephen Kick amesema mara kadhaa kwamba angependa kuushughulikia No One Lives Forever pia. Mchezo huo bado hauuzwi.