Mkono Uliokumbuka

Siku alipotimiza miaka 15, Februari 1941, Henry Molaison alikuwa ndani ya gari pamoja na wazazi wake katika jimbo la Connecticut, Marekani. Ghafla mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutetemeka wote. Tangu akiwa na miaka 10 hivi alikuwa akipatwa na kifafa kidogo: hunyamaza sekunde chache, macho yakawa hapa naye hayupo, halafu akaendelea na alichokuwa akikifanya. Hiki cha ndani ya gari kilikuwa kifafa kikubwa cha kwanza. Shuleni wenzake walimcheka mpaka akaacha masomo, akarudi baadaye na kumaliza akiwa na miaka 21. Alipofika miaka 27 alikuwa ameshindwa kazi, dawa anameza kwa vipimo vikubwa, na kuanguka anaanguka vilevile.

Daktari aliyemtibu, William Scoville wa Hospitali ya Hartford, alikuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo katika zama ambazo bingwa wa namna hiyo aliaminiwa kupita kiasi. Mwaka 1949 Mreno Egas Moniz alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel kwa kukata sehemu za mbele za ubongo wa wagonjwa wa akili. Scoville naye alikuwa na mtindo wake, aliokwisha kuujaribu kwa wagonjwa wa akili: kuondoa nyama ya ndani ya ubongo, upande wa masikio, kulia na kushoto. Kwa kuwa kifafa cha watu wengi huanzia huko, aliona kwamba huenda Henry naye angepona. Vipimo vya umeme wa ubongo havikumwonyesha kifafa cha Henry kilianzia upande gani. Mtu mwingine angesimama hapo. Scoville aliendelea, na baadaye aliandika waziwazi kwamba upasuaji ule ulikuwa wa majaribio.

Tarehe 25 Agosti 1953 alitoboa matundu mawili kwenye paji la uso la Henry, juu ya macho, akainua taratibu sehemu ya mbele ya ubongo, akafyonza kwa mrija kilichokuwa nyuma yake. Katika vilivyotoka ilikuwamo sehemu kubwa ya hipokampasi za pande zote mbili. Hipokampasi ni kiungo kilichojikunja ambacho mwanaanatomia wa Italia, katika karne ya 16, alikifananisha na yule samaki mdogo wa baharini mwenye kichwa kama cha farasi, na jina la samaki likabaki kuwa la kiungo.

Kifafa kilipungua sana. Lakini Henry hakuwatambua wauguzi waliomhudumia tangu asubuhi. Njia ya kwenda msalani aliionyeshwa, akaisahau, akaonyeshwa tena. Utoto wake aliukumbuka vizuri. Kifo cha mjomba aliyempenda, kilichotokea miaka michache kabla ya upasuaji, kilikuwa kimefutika. Na jambo lolote jipya lilikaa naye kwa muda aliolishikilia akilini tu. Akigeuziwa mazungumzo, limeondoka.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili liliwashtua wataalamu, inafaa kujua walichokiamini wakati ule. Mwanasaikolojia Karl Lashley alikuwa ametumia miaka mingi kuwafundisha panya kupita kwenye mzingile, kisha kuwakata sehemu mbalimbali za gamba la ubongo ili aone ni wapi somo lilipohifadhiwa. Hakupaona. Kilichomdhuru panya kilikuwa zaidi ukubwa wa kidonda kuliko mahali kilipo, na mwaka 1950, akitazama nyuma, Lashley aliandika kama mtu aliyetafuta kitu nyumba nzima asikipate. Wengi wakaamini kwamba kumbukumbu haina chumba chake, kwamba imetandazwa ubongo mzima kama chumvi ndani ya mchuzi. Kazi ya Lashley ilikuwa ya uangalifu. Ila panya hawezi kuulizwa jana alikula nini, na sehemu ambazo zingetoa jibu zilikuwa ndani zaidi ya pale kisu chake kilipofika.

Wakati huohuo, Montreal nchini Kanada, mwanasaikolojia Mwingereza Brenda Milner alikuwa akiwapima wagonjwa wa kifafa wa daktari Wilder Penfield kabla na baada ya upasuaji. Penfield alikuwa akikata upande mmoja tu, na wagonjwa wengi walitoka salama. Wawili hawakutoka salama: walipoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Mmoja wao, mhandisi anayejulikana kwa herufi P.B., alibaki na akili zake zote isipokuwa hiyo kumbukumbu. Milner na Penfield wakakisia kwamba huenda upande wa pili wa wagonjwa hawa ulikuwa umeharibika zamani bila mtu kujua, hivyo kisu kilipotoa upande uliokuwa mzima, hakikubaki kitu. Kilikuwa kisio tupu. P.B. alipofariki mwaka 1964 ubongo wake ulifunguliwa, na hipokampasi ya upande ambao Penfield hakuugusa ilikutwa imesinyaa. Naupenda mfano huu kuliko mingi ya sayansi ya ubongo: watu walisema kabla kitakachoonekana, wakasubiri miaka kama kumi, na kikaonekana.

Lakini kabla ya hapo, kisio lile likiwa bado jipya, Scoville alisoma muhtasari wa taarifa ya Milner na Penfield juu ya wagonjwa hao wawili, akampigia simu Penfield kumwambia kwamba naye anaye mgonjwa kama hao. Aprili 1955 Milner akapanda treni kwenda Hartford.

Alimkuta kijana mpole, mwenye adabu, aliye tayari kufanya lolote atakaloombwa. Alipomuuliza tarehe, Henry alisema ni Machi 1953. Umri wake, alisema, ni miaka 27. Alikuwa na 29. Katika kipimo cha jumla cha akili alipata 112, zaidi kidogo ya alivyopata kabla ya upasuaji. Katika kipimo cha kumbukumbu alipata 67, ambapo mtu wa kawaida hupata kama 100. Mwanya huo ndio uliokuwa habari yenyewe: mtu anaweza kufikiri sawasawa, kuongea sawasawa, kupiga hesabu, na bado asiweze kuweka akiba ya siku yake. Siku moja Milner alimpa namba 584 aishike, akamwacha peke yake. Aliporudi baada ya robo saa, Henry alikuwa nayo bado, maana muda wote alikuwa akiizungusha kichwani kwa mpango wa kujumlisha na kugawanya alioubuni mwenyewe. Dakika moja baadaye, wakiwa wameanza jambo jingine, hakujua hata kwamba kulikuwa na namba.

Mgonjwa mmoja, hata awe wa ajabu namna gani, hathibitishi mengi. Milner alilijua hilo, ndiyo maana aliwapima pia wagonjwa wengine tisa wa Scoville, wengi wao wagonjwa wa akili, waliokuwa wamekatwa kwa viwango tofauti. Yule aliyetolewa kijisehemu cha mbele tu, bila hipokampasi kuguswa, alikumbuka vizuri. Waliokatwa pande zote mbili mpaka ndani ya hipokampasi walisahau, na kadiri kisu kilivyokwenda nyuma zaidi, ndivyo walivyosahau zaidi. Wagonjwa hao wa akili walikuwa wamepasuliwa bila mtu kutambua walichopoteza, kwa sababu hakuna aliyewatarajia wakumbuke. Lazima hilo lisemwe. Taarifa ya Scoville na Milner ilitoka mwaka 1957, na humo Henry aliitwa H.M. Aliitwa hivyo kwa zaidi ya miaka 50.

Sasa nifike kwenye jaribio la nyota.

Milner alikuwa amekwisha kumjaribu Henry kwa mzingile wa mezani, akimtaka ajifunze njia kwa kugusa na kukosea. Kwa siku 3 Henry aliurudia mara 215, na mara ya mwisho alikuwa mgeni kama mara ya kwanza. Mtu angefunga daftari hapo na kuandika kwamba huyu hajifunzi tena kitu chochote. Milner akajaribu aina nyingine ya kazi. Alimwekea Henry karatasi yenye nyota ya ncha tano iliyochorwa kwa mistari miwili, akamwambia apitishe penseli katikati ya mistari bila kuigusa. Karatasi na mkono vilifichwa nyuma ya ubao. Aliviona kwenye kioo tu. Aliyewahi kujaribu anajua taabu yake: unataka kwenda mbele, penseli inakwenda kinyume, kwenye kona mkono unagoma kabisa.

Henry alirudia mara 10 siku ya kwanza, 10 ya pili, 10 ya tatu. Kila siku ilibidi aelezwe upya kazi ni ipi, maana hakukumbuka kuwahi kuifanya. Na kila siku mkono wake ulianzia pale ulipoishia jana. Siku ya tatu alipita karibu bila kosa. Mwenyewe alishangaa, akasema alidhani ingekuwa ngumu.

Sisi husema mkono umezoea. Husemwa juu ya msusi wa mikeka anayepiga soga huku ukili ukienda wenyewe, au fundi cherehani ambaye ukimuuliza anawezaje, hana la kukueleza. Kiswahili kina neno la kujua na neno la kuzoea, na hayabadilishani nafasi. Kilichoonekana katika nyota ile, ambayo Milner aliichapishia taarifa mwaka 1962, ni kwamba hata ndani ya ubongo mambo haya mawili yana njia mbili. Kujua kwa Henry kulikatika pamoja na hipokampasi; kuzoea kulikuwa kunapita kwingine, na kwingine huko hakukuguswa. Wazo kwamba kumbukumbu ni kitu kimoja lilianza kuvunjika pale.

Kuanzia 1962 mwanafunzi wa Milner, Suzanne Corkin, alijiunga na kazi, naye, baadaye akiwa mtafiti wa chuo cha MIT, akaendelea na Henry mpaka Henry alipofariki. Kila walipokutana Henry alimsalimu kwa upole kama mtu anayehisi kwamba anamjua. Akiulizwa wapi, alikisia kwamba walisoma pamoja sekondari. Baba yake Henry alifariki. Mwaka 1980 Henry alihamia makao ya wazee huko Windsor Locks, akawa anajaza mafumbo ya maneno kila mara. Mwaka 2016 Luke Dittrich, mjukuu wa Scoville mwenyewe, alichapisha kitabu akiuliza ni nani hasa alikuwa akimkubalia Henry vipimo vyote hivyo, na MIT ilipinga baadhi ya aliyoyaandika. Swali naliona halali hata kwa mtu anayewaheshimu Milner na Corkin, kama ninavyowaheshimu. Mtu asiyeweza kukumbuka aliloombwa jana amekubalije?

Henry alifariki tarehe 2 Desemba 2008 akiwa na miaka 82, na jina lake kamili likaandikwa kwa mara ya kwanza. Mwaka mmoja baadaye, katika chuo kikuu huko San Diego, mtafiti Jacopo Annese aliugandisha ubongo wake na kuukata vipande 2,401, kila kimoja kikiwa na unene wa mikroni 70, kazi ya saa 53 iliyoonyeshwa moja kwa moja kwenye intaneti. Scoville alikadiria kwamba alitoa sentimita 8 kwenda nyuma. Picha za MRI zilikuwa tayari zimeonyesha kwamba ni kama 5 tu, na taarifa ya 2014 ikathibitisha: sehemu ya nyuma ya hipokampasi ilikuwa imebaki, kulia na kushoto. Ila kando yake gamba ambalo hupokea habari kutoka ubongo wote na kuziingiza mle lilikuwa karibu limekwisha lote. Chumba kilikuwa kimesimama miaka 55; mlango wake ndio uliong'olewa.