Pombe na Akili ya Mtu

Ninyi wa Kisanga, huko Kilosa upande wa Mikumi, fungueni madaftari tusome polepole.

Zamani pombe ya mtama au mahindi ilipikwa kwa shughuli: arusi, matambiko, au kulimiana shamba kwa ujima. Ikiisha imekwisha, watu hungoja siku nyingine. Halafu ikaja kodi, yakaja mashamba ya mkonge ya Kimamba na mshahara wa fedha. Pombe ikawa bidhaa, ikauzwa kila siku. Waingereza walimkataza Mwafrika pombe kali za Kizungu kwa miaka mingi. Baada ya uhuru, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ikaweka leseni na saa za kuuza. Sheria hizo zote zilitazama kilabu. Kichwa cha mnywaji hazikukitazama.

Aliyekitazama ni daktari mmoja wa Moscow, nchi ya Urusi, jina lake Sergei Korsakoff. Mwaka 1887 alianza kuandika habari za wagonjwa wake, wengi wao walevi wa miaka mingi. Mgonjwa huyo huzungumza vizuri, hata karata hucheza, lakini baada ya muda mfupi hakumbuki kwamba alicheza. Baadaye sababu ikajulikana: mwili umekosa vitamini B1. Mlevi hali vya kutosha, na pombe huzuia tumbo kuifyonza.

Jambo la pili lilichelewa kujulikana, nami naona ndilo livunjalo nyumba nyingi zaidi. Mwaka 1999 wataalamu wa Ubelgiji waliwaonyesha watu waliotawaliwa na pombe picha za nyuso za furaha, hasira na huzuni. Siku hiyo hawakuwa wamelewa. Hata hivyo walizisoma vibaya kuliko watu wengine, na hisia ndogo waliiona kubwa. Tena hawakuona kazi hiyo kuwa ngumu! Basi fikirini mama anasema kwa upole, “Baba Asha, chakula tayari,” naye mume aona anadharauliwa. Ukimwambia atazame vizuri, yeye ajua ametazama.

Wengi wakiacha pombe, akili hurudi kidogo kidogo, kwa miezi. Lakini aliyezoea sana asiache ghafula peke yake nyumbani: aweza kutetemeka, kuweweseka, hata kushikwa na kifafa na kufa. Kwanza aende zahanati au hospitali, na jamaa yake afuatane naye.

Sasa andikeni maneno manne: uso, upole, hasira, kumbukumbu.