Daraja Kongwe la Mostar

Mji wa Mostar, katika nchi ya Bosnia na Herzegovina, ulilipata jina lake kwa walinzi wa daraja, kwani katika lugha ya wenyeji "most" maana yake ni daraja. Hapo kale mto Neretva ulivukwa kwa daraja la mbao lililoning'inia kwa minyororo, nalo liliyumba kiasi cha kuwatia hofu wapitao. Ndipo, kwa amri ya Sultani Suleiman wa dola ya Uthmaniya, Hayruddin, mwanafunzi wa mjenzi mashuhuri Sinan, akajenga daraja la mawe, likakamilika mwaka 1566.

Lilikuwa tao moja tu, lisilo na nguzo majini, lenye urefu wa mita 29 hivi toka ukingo hadi ukingo. Mawe yake ya chokaa yalibanwa kwa vyuma, na vyuma hivyo vikakazwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Sisi walimu wa lugha hatuwezi kulipita neno hilo kimya: risasi, ambayo kwetu ni madini na tena ni kitu cha kuulia, hapo ilikuwa kiungo. Ilishika miaka 427. Tarehe 9 Novemba 1993 makombora ya majeshi ya Wakroati wa Bosnia yakaliangusha daraja mtoni.

Kesi yake ilifika katika mahakama ya kimataifa mjini The Hague. Hukumu ya mwaka 2013 ilihesabu ubomoaji huo kuwa kosa la jinai. Mwaka 2017 majaji wa rufani, kwa wingi wa kura, wakaitengua sehemu hiyo, kwa hoja kwamba daraja lilitumiwa na wanajeshi na hivyo lilikuwa shabaha halali ya vita. Sheria ndivyo ilivyosema. Sisi twaiona hoja hiyo kuwa nyembamba mno.

Wapiga mbizi wa jeshi la Hungaria waliyaopoa mawe, lakini mengi yalikuwa yameharibika, ikabidi kuchonga mapya kwa jiwe la aina ileile ya huko huko. Daraja lilifunguliwa tarehe 23 Julai 2004, na mwaka uliofuata UNESCO ikaliingiza, pamoja na mji wake mkongwe, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wapo waliouliza: vipi kitu kipya kiitwe urithi? UNESCO yenyewe haikudai ukongwe wa mawe. Ilitaja maana ya daraja kwa upatanisho wa watu. Nasi twaongeza ufundi uliofuatwa, na desturi iliyorudi pamoja nalo: vijana wa Mostar hujitupa tena mtoni kutoka kileleni mwa tao, mita 20 na zaidi, kama walivyofanya babu zao.