Bokondji Imama, mutoto wa Wakongomani mwenye anacheza hoki juu ya barafu

Kwa mukaaji wa Bunia, barafu ni kitu cha kupoza kinywaji. Ile yenye haiishe mwaka muzima inapatikana juu ya Ruwenzori. Lakini kuko muchezaji mwenye wazazi wake walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na yeye anapata mukate wake juu ya barafu: Bokondji Imama, mwenye wenzake wanaita Boko. Mutu wa Lingala atasikia mara moja ndani ya ile jina neno bokonzi, ni kusema utawala.

Imama alizaliwa Montréal, Kanada, tarehe 3 mwezi wa 8 mwaka wa 1996. Kule hoki ni sawa mupira kwetu. Kila ekipe inaweka watu 6 uwanjani, mulinda-goli ndani, na wanavaa viatu vyenye chuma kali chini. Wanasukuma kisahani cha kauchu kwa fimbo. Mechi ni dakika 20 mara tatu, na wachezaji wanabadilishana kila wakati, juu mbio ile inachosha haraka sana. Kupigana kunakatazwa, lakini mwenye kupigana anaenda tu kukaa pembeni dakika 5, kisha anarudi. Ndiyo maana ekipe nyingi zilikuwa na mutu wa nguvu wa kulinda wenzake. Imama, mwenye uzito wa karibu kilo 100, walimupa ile kazi.

Kumbe alijua kufunga pia. Katika msimu wa 2016-2017, akiwa na vijana wa Saint John Sea Dogs, alifunga magoli 41 na ekipe yake ikabeba kombe la championa ya Quebec.

Njia ya kufika juu ilikuwa ndefu. Mwaka wa 2015, ekipe za NHL, championa kubwa kupita zote, zilipochagua vijana, Tampa Bay ilimuchukua kwenye nafasi ya 180. Kijana wa nafasi ile mara nyingi hafike. Tampa Bay ikamuachilia kwa Los Angeles, na alikaa miaka mingi chini, katika AHL, kwanza na Ontario Reign ya California, kisha na Tucson Roadrunners ya Arizona.

Kule chini ndiko alitukanwa juu ya ngozi yake, tena mara mbili. Mwezi wa 1, 2020, muchezaji wa Bakersfield Condors alimutolea maneno ya ubaguzi na akapewa azabu ya mechi 5 tu. Miaka miwili kisha, Krystof Hrabik wa San Jose Barracuda, muchezaji wa Jamhuri ya Cheki, akamufanyia ishara ya nyani. Safari hii AHL ilikata mechi 30. Imama hakunyamaza: aliandika wazi kama ni jambo la kuchosha kukutana tena na ubaguzi mwaka wa 2022. Kutoka 5 mupaka 30 ni mbali, na bila shaka ile ya kwanza ilikuwa azabu ndogo sana.

Mwezi wa 4 wa mwaka ule ule wa 2022, Arizona Coyotes wakamuita juu. Miaka 7 ilikuwa imepita tangu Tampa Bay itaje jina lake. Alicheza mechi 4 mbele msimu uishe, na katika hizo akafunga goli lake la kwanza la NHL.

Kisha Arizona alipita Ottawa mwaka wa 2023, na mwaka wa 2024 akasaini na Pittsburgh Penguins, wenye walimutumia juu na pia katika ekipe yao ya chini, ile ya Wilkes-Barre.

Kwa mwenye anatamani kuona huu muchezo karibu, kuko uwanja wa barafu Nairobi, ndani ya hoteli Panari, fasi ekipe Kenya Ice Lions inafanyia mazoezi. Kenya iliingia katika shirikisho la dunia la hoki mwaka wa 2024.