Dokumentari: Makala, Hali Halisi au Ushuhuda

Dokumentari ni filamu inayotengenezwa kwa watu, mahali na mambo ya kweli. Anayeonekana kwenye kioo ni mwenyewe, si mwigizaji aliyevishwa jina la mtu mwingine, na yanayosimuliwa yalitokea au bado yanatokea. Maana hiyo haina utata. Kazi ipo katika kuipatia neno la Kiswahili, kwa kuwa kila neno lililojaribiwa limeshika upande mmoja wa maana na kuuacha mwingine.

Asili ya neno ni Kilatini, documentum, lililotokana na kitenzi cha kufundisha. Awali lilimaanisha funzo, onyo au kielelezo. Karatasi yenye kuthibitisha jambo ilikuja baadaye. Wafaransa walikuwa wakilitumia kwa filamu za safari za nchi za mbali. Katika Kiingereza, anayetajwa kuliingiza kwenye mazungumzo ya filamu ni Mskoti John Grierson, aliyeandika katika gazeti la New York Sun la tarehe 8 Februari 1926 akiihakiki Moana, filamu ya Robert Flaherty kuhusu maisha ya Samoa. Baadaye Grierson alieleza kwamba dokumentari ni kuufanyia uhalisia kazi ya ubunifu. Maelezo hayo yamedumu kwa sababu yanataja mambo mawili kwa pamoja, uhalisia na mkono wa mtengenezaji, na hapo ndipo pa kuyapimia maneno yetu.

Tafsiri ya "filamu ya maandishi", inayojitokeza hapa na pale, ifutwe kabisa. Imeshika maana ya hati na kuitupa filamu yenyewe. Msomaji hubaki akidhani ni filamu ya kusomwa.

Neno lenye mizizi zaidi ni "makala". Katika vyumba vya habari vya redio na televisheni, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, hakuna anayehitaji kuelezwa makala ni nini: mwandishi anasimulia, wahojiwa wanaingia kati, picha zinayafuata maneno. Neno limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa kusema, na tabia hiyo halijaiacha. Makala husema. Ndiyo maana linakaa vizuri kwa kipindi cha dakika 15 kuhusu uhaba wa maji, lakini linabana kwa filamu ya saa moja na nusu isiyo na msimulizi, ambamo kamera inamtazama mama akipepeta mpunga mpaka mtazamaji ajue mwenyewe kwamba kuna mtu amekosekana katika nyumba ile. "Filamu ya makala" hujaribu kuziba pengo hilo, ila uzito wake bado uko kwenye maneno.

Ndipo lilipopata nafasi "filamu ya hali halisi", ambalo ni zuri zaidi na lina hatari zaidi. "Halisi" nalo ni la Kiarabu, na maana yake ni safi, kisichochanganywa. Asali halisi haijatiwa maji. Filamu, kinyume chake, huchanganywa tangu kamera inapowekwa: mtu kaamua isimame wapi, iwashwe lini na kipande gani kikatwe.

Mfano wa kale ni Nanook of the North ya mwaka 1922, filamu nyingine ya Flaherty, iliyopigwa miongoni mwa Wainuit wa kaskazini mwa Quebec, Kanada. Mhusika mkuu hakuitwa Nanook. Jina lake lilikuwa Allakariallak. Wawindaji wa wakati ule walikuwa na bunduki, lakini katika filamu wanawinda kwa chusa, kama babu zao. Nyumba ya theluji ilikuwa ndogo na yenye giza kwa kamera ya siku zile, hivyo ikajengwa kubwa zaidi, upande mmoja wazi ili mwanga uingie, na familia ikalala humo mbele ya lenzi kana kwamba ukuta upo. Baridi ilikuwa ya kweli na ustadi wa wale watu ulikuwa wa kweli, lakini maisha yaliyoonyeshwa kama ya leo yalikuwa ya jana.

Jina "hali halisi" huelemewa zaidi linapofika kwenye kumbukumbu. Neno "hali" linaelekea kwenye kilichopo sasa, ilhali dokumentari nyingi zenye uzito duniani zinahusu kilichokwisha kutoweka. Claude Lanzmann wa Ufaransa alitumia takriban miaka 11 kutengeneza Shoah, iliyotoka mwaka 1985, yenye zaidi ya saa 9 kuhusu mauaji ya Wayahudi wa Ulaya. Humo hamna hata kipande kimoja cha picha za wakati wa vita. Kuna watu wanaosema, na mahali palipoota nyasi. Abraham Bomba, kinyozi aliyelazimishwa kuwakata nywele wanawake kabla ya kuuawa kwa gesi katika kambi ya mauaji ya Treblinka, anahojiwa akiwa katika duka la kinyozi nchini Israel, mkasi mkononi, akimnyoa mteja. Alikuwa ameshastaafu, na duka lilikodiwa kwa ajili ya filamu. Anaeleza kwa utulivu mpaka anapomkumbuka kinyozi mwenzake ambaye mke na dada yake waliingizwa katika chumba walimokuwa wakinyoa. Sauti inakatika. Anajifuta uso, anamrudia mteja, anaomba asiendelee. Lanzmann anamsihi aendelee, na baada ya kimya kirefu anaendelea. Duka lile lilikuwa la kupangwa, lakini kimya kile hakuna aliyeweza kukipanga.

Kwa filamu za namna hiyo Kiswahili kina hazina ambayo haijatumiwa vya kutosha. Mzizi mmoja wa Kiarabu umetupa maneno mawili: ushahidi na ushuhuda. Ushahidi hupimwa, unaweza kuwa kisu, karatasi, picha au alama ya kidole. Ushuhuda hutolewa, na hauwezi kutenganishwa na aliyeutoa. Lugha nyingi hazitofautishi mambo haya kwa ukaribu huo wa sauti na utofauti huo wa maana. Dokumentari huishi kati ya hayo mawili, na huwa kali zaidi pale yanapopingana.

Mtengenezaji filamu Rithy Panh alizaliwa Phnom Penh, Kambodia, mwaka 1964. Tarehe 17 Aprili 1975 wapiganaji wa Kikomunisti wa Khmer Rouge waliingia mjini na kuwafukuza wakazi kuelekea mashambani. Wazazi wake ni miongoni mwa ndugu aliowapoteza chini ya utawala huo. Picha nyingi zilizosalia kutoka miaka ile ni zile ambazo utawala wenyewe ulizipiga: safu za watu wakibeba udongo, nchi inayojengwa. Ni ushahidi kwa maana ya kwamba kamera ilikuwepo, lakini zinadanganya. Hakuna aliyepiga picha ya baba yake akifa njaa. Katika L'Image manquante ya mwaka 2013, yaani picha inayokosekana, Panh anaijaza nafasi hiyo kwa vinyago vya udongo. Mtazamaji anaona kisu kikichonga, brashi ikipaka rangi, na kutoka kwenye tonge la udongo anatokea mzee mwenye suti nyeupe, ambaye ndiye baba. Kinyago kile hakiwezi kuitwa hali halisi, na bado filamu ni dokumentari kamili. "Filamu ya ushuhuda" ingeifaa bila kuongeza wala kupunguza.

Pwani ya Kenya nako kuna mfano. The Letter ya mwaka 2019, ya Maia Lekow na Christopher King, inamfuata kijana anayerudi kijijini kutoka Mombasa baada ya kusikia bibi yake anatuhumiwa uchawi. Kiini cha kisa ni barua ya tuhuma: karatasi inayojifanya ushahidi, dhidi ya ushuhuda wa maisha ya bibi mwenyewe.

Kwa hiyo "filamu ya hali halisi" inafaa kubaki jina la jumla, "makala" ibaki kwa kazi za utangazaji, na "filamu ya ushuhuda" ichukue tawi la kumbukumbu. "Dokumentari" lenyewe limeshazoeleka na halina haja ya kufukuzwa. Picha za zamani zinazotumiwa ndani ya dokumentari zina jina tayari, kwani magazeti yetu huandika "picha ya maktaba" kila siku. Tukio linalochezwa upya liitwe igizo, na mtazamaji aambiwe.

Limebaki neno "mhusika". Katika riwaya na tamthilia ni kiumbe cha mwandishi, na kisa kikiisha naye ameisha. Ofisini na mahakamani, mhusika ni yule ambaye jambo linamgusa na ambaye lazima aulizwe. Mtu wa ndani ya dokumentari ni mhusika kwa maana zote mbili, na taa za ukumbi zikishawashwa, ile ya pili ndiyo anayorudi nayo nyumbani kwa majirani zake.