Kigari cha Stanford na Khabari Iliyokawia

Mwaka 1947 mwanahisabati Norbert Wiener, alipokuwa akiitafutia jina elimu ya udhibiti, alilichukua neno ambalo Wayunani wa kale walimwitia mshika usukani, akaiita kibernetiki. Na jina hilo laistahiki, kwani kila aongozaye chombo hana budi kutazama kinakoelekea, kukulinganisha na kule anakokutaka, kisha kurekebisha, na athari ya marekebisho yake ikawa ndiyo khabari ya kutazamwa tena. Walakini mshika usukani wa jahazi huiona omo ikigeuka papo hapo. Lau khabari ya omo ingemfikia baada ya chombo kwisha kwenda, angefanyaje?

Suala hilo ndilo lililomshughulisha James Adams, mwanafunzi wa shahada ya juu ya uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, ambaye kati ya 1960 na 1961 aliunda kigari cha magurudumu manne madogo ya baiskeli, akakitia mota za umeme, betri la motokaa na kamera ya televisheni iliyotazama mbele, ili apate kujua kama mtu aliyeketi duniani aweza kuendesha gari lililo juu ya mwezi. Masafa ya huko ni kiasi cha kilomita 384,000, na mawimbi ya redio, ijapokuwa hakuna kiyashindacho kwa kasi, huchukua zaidi ya sekunde moja kwenda na zaidi ya sekunde moja kurudi. Ndipo Adams akaifanya mitambo yake ikawie kiasi cha sekunde mbili na nusu.

Muda huo waonekana si kitu, na asiyewahi kushika usukani huenda akacheka. Lakini kigari kikipinda kushoto, mwendeshaji huiona picha ya jambo lililokwisha kupita. Akivuta kulia haoni badiliko, basi huzidi kuvuta, na amri zake zinapofika, moja juu ya nyingine, kigari hukata upande wa pili, naye huanza kukirudisha kwa pupa ile ile, hata kosa dogo la mwanzo likakua kwa bidii ya kulisahihisha. Maradhi haya si mapya: James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa Uskoti, aliyachunguza mwaka 1868 katika vidhibiti mwendo vya mashine za mvuke, ambavyo badala ya kuutuliza mwendo mara nyingine huuyumbisha. Adams alibaini kuwa kigari chenye kukawia huko hakiaminiki kikipita mwendo wa kiasi cha thuluthi ya kilomita kwa saa, yaani mwendo ambao mtoto atambaaye huupita bila taabu. Ukipiga hesabu utaona kwamba, kwa mwendo huo, katika muda wote khabari iwapo njiani kigari husogea kiasi cha shibiri moja tu. Na kwa rai yangu shibiri hiyo yaeleza mas'ala yote kuliko kurasa nyingi za milinganyo.

Mwezini hakikwenda. Kilibaki chuoni, kikarithiwa na wanafunzi wengine, na mmoja wao, Hans Moravec, alimwondoa mwendeshaji kabisa akaweka kompyuta mahali pake, hata mwaka 1979 kigari kikavuka chumba kilichojaa viti, masafa ya kiasi cha mita 20, bila kuongozwa na mtu, kwa muda wa saa 5 hivi. Kilikwenda mita moja kikasimama. Kamera ikateleza juu ya reli ikipiga picha tisa. Kompyuta ikahesabu kwa dakika 10 hadi 15. Ndipo kikasogea tena. Maadamu chumbani hakuna kilichohama, khabari haikuchakaa kwa kungojwa. Kilipojaribiwa nje, jua halikukingoja: vivuli ambavyo kompyuta ilivishika kuwa alama vilihama ingali ikipiga hesabu zake. Leo kigari hicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya historia ya kompyuta, Mountain View, California.