Bakteria Mla Mafuta: Mmoja au Jamii?

Mfasiri huvutwa kuandika "bakteria mla mafuta", lakini historia haimuungi mkono. Mwaka 1913 Mholanzi N. L. Söhngen alionyesha kwamba mafuta ya petroli huweza kuwa chakula cha bakteria. Walakini dizeli iliyomwagika udongoni ni mchanganyiko wa kemikali nyingi: bakteria huyu huvunja hii, yule ile, na masazo ya mmoja huwa riziki ya mwenzake. Chakrabarty alikusanya uwezo huo katika bakteria mmoja, na mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kuwa astahili hataza. Hata hivyo, mafuta yalipochafua fukwe za Alaska mwaka 1989, wataalamu walitia mbolea kuwalisha bakteria wenyeji. Basi napendekeza "jamii ya bakteria wavunjao mafuta". Neno "kuozesha" tuwaachie watengeneza mboji.